Mfululizo Mrefu Unapopoteza Mwendo: Jinsi ya Kutafuta Kilichokwama Kabla ya Kukiweka Kitabu Kando

Msomaji aliyefika juzuu ya 8 au ya 9 ya riwaya ndefu ya fantasia, akajikuta anasoma kurasa 2 kisha anasinzia, kwa kawaida hutoa hukumu moja tu: hadithi imeharibika. Hukumu hiyo haimsaidii, kwa sababu inaweka katika kapu moja matatizo yasiyofanana, na kila tatizo lina dawa yake. Kuna hadithi ambayo wakati umesimama ndani yake ingawa maneno yanaendelea kumiminika. Kuna inayokwenda vizuri, lakini mhusika aliyekuvuta tangu mwanzo hayumo. Kuna ambayo bado haijaandikwa. Na kuna ambayo haina kasoro yoyote, ila juzuu moja ya katikati haikupatikana. Anayeacha bila kujua ni lipi kati ya hayo linalomsumbua huenda akaacha akiwa hatua moja tu kabla ya juzuu iliyo bora kuliko zote alizosoma. Na anayeng'ang'ania bila kujua huenda akapoteza mwezi mzima kwa kurasa ambazo muhtasari wa dakika 10 ungezitosheleza.

Mfano nitakaoutegemea zaidi ni The Wheel of Time wa Robert Jordan, ambalo ni jina la uandishi la James Oliver Rigney, Mmarekani wa Charleston, South Carolina. Juzuu ya 1 ilitoka Januari 1990, na ya 14, ambayo ni ya mwisho, ikatoka Januari 2013. Juzuu 6 za kwanza zilitoka kati ya 1990 na 1994. Baada ya hapo, hadi ya 11, kila moja ilichukua takriban miaka 2 au zaidi, na ni katika kipindi hicho, kuanzia juzuu ya 7 hadi ya 10, ndipo malalamiko kwamba mwendo umelegea yalipozidi kusikika. Mfano wa pili ni A Song of Ice and Fire wa George R. R. Martin, ulioanza mwaka 1996, ambao maradhi yake ni ya aina nyingine. Nitataja matukio ya mfululizo wa kwanza hadi juzuu ya 11, kwa kuwa haiwezekani kueleza kilichokwama bila kukitaja. Asiyetaka kuyajua mapema na aishie hapa.

Kwanza: hakikisha tatizo haliko upande wako

Kipimo cha kwanza ni rahisi mno kiasi kwamba wengi hawakifanyi: je, umesoma juzuu zote kwa mpangilio? Sisi tunaonunua vitabu vya mitumba hununua kinachopatikana, si kinachofuata. Mimi niliokoteza mfululizo huu juzuu moja baada ya nyingine kwa wauzaji wa vitabu walioko mitaa ya Posta, Dar es Salaam, na kwa kuwa juzuu ya 5 haikuonekana kwa miezi mingi, niliamua kuiruka nikaanza ya 6. Nilipata hadithi iliyojaa watu wasiojieleza, chuki ambazo sikujua zilianzia wapi, na safari ambazo hazikuonekana kuwa na sababu. Niliwaambia rafiki zangu kwamba mwandishi amepoteza dira. Juzuu ya 5 ilipopatikana nikaisoma na kurudia ya 6, nikakuta sura zilezile nilizozilaumu zina uzito na uharaka; kilichokosekana kilikuwa kwenye rafu yangu.

Kipimo cha pili kinahusu kumbukumbu. Mfululizo wa Jordan una zaidi ya maneno milioni 4 na wahusika wenye majina wanaozidi 2,000, na ukikaa miezi 6 kati ya juzuu na juzuu, sura ambayo mwandishi ameikusudia iwe ya kushtua hupita kama habari ya watu usiowafahamu. Ukisoma sura na kujiuliza "huyu ni nani?" zaidi ya mara 3, usiendelee. Rudi usome sura 3 za mwisho za juzuu iliyotangulia, kisha ujaribu tena. Ikiwa hamu imerudi, hakukuwa na kasoro katika kitabu.

Kipimo cha tatu ni kigumu kidogo, nacho ni kujiuliza kama kero uliyonayo ni yako au umeirithi. Msomaji wa mwaka 1996 aliifunga juzuu ya 7 huku Mat, mmoja wa mashujaa watatu wa mwanzo, akiangukiwa na ukuta wakati mji ukivamiwa. Juzuu ya 8 ilitoka mwaka 1998 bila hata sura moja ya Mat. Msomaji huyo alisubiri hadi mwaka 2000, juzuu ya 9 ilipotoka, ndipo akajua kilichompata. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, kwa kuwa ilikuwa hasira ya miaka 4. Wewe unayesoma leo ukiwa na juzuu zote 14 unahitaji majuma machache tu kuvuka pengo hilo. Ukiingia juzuu ya 7 ukiwa umeshaambiwa kwamba hapo ndipo hadithi inapokufa, utaiona imekufa hata pale inapopumua. Nimeshuhudia hivyo kwa wasomaji wawili niliowaazima vitabu vyangu: aliyeonywa alichoka mapema, na ambaye hakuonywa alipita juzuu ya 8 bila kulalamika, akakwama kwenye ya 10 tu, ambako kukwama ni jambo la haki.

Dalili: kurasa mia zimepita na hakuna kilichotokea

Hii ndiyo dalili inayotajwa zaidi, na ndiyo inayostahili uchunguzi wa makini, kwa sababu maneno "hakuna kilichotokea" mara nyingi si kweli. Hutokea mengi: watu hula, hupanda farasi, hupokea barua, hubishana juu ya nani akae wapi. Kinachokosekana ni kitu kingine, na njia niliyoiona inafaa kukitambua ni kuchukua karatasi na kuandika, kwa kila sura, mambo mawili tu. La kwanza ni siku ngapi zimepita ndani ya hadithi tangu sura iliyotangulia. La pili ni uamuzi upi umefanyika ambao mhusika hawezi tena kuurudisha nyuma. Usihesabu kurasa, kwa sababu kurasa hupotosha. Mapigano ya kurasa 80 yanaweza kuchukua saa moja ya hadithi na bado ukayasoma umesimama.

Ukijaza karatasi hiyo kwa sura 10, majibu huangukia katika makundi ambayo hayafanani hata kidogo. Ikiwa siku zinapita lakini hakuna maamuzi, umo ndani ya safari, na safari kwa kawaida hufika, endelea. Ikiwa kuna maamuzi lakini siku hazipiti, umo ndani ya mgogoro uliobana, na kilichokuchosha huenda ni mtindo, si mwendo. Lakini ikiwa hakuna siku wala maamuzi, hapo hadithi imesimama kweli, na huna sababu ya kujilaumu kwamba wewe ni msomaji mvivu.

Juzuu ya 10 ya Jordan, Crossroads of Twilight, iliyotoka Januari 2003, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua. Juzuu ya 9 inaishia kwa tukio kubwa: nusu ya kiume ya nguvu za uchawi, iliyokuwa imetiwa sumu kwa zaidi ya miaka 3,000 ya historia ya ulimwengu ule na kuwatia wazimu wanaume wote walioigusa, inasafishwa. Msomaji anafunga kitabu moyo ukimdunda. Anapofungua juzuu inayofuata, anarudishwa nyuma hadi kabla ya tukio hilo, na sehemu kubwa ya juzuu inamwonyesha mhusika mmoja baada ya mwingine akiwa mbali, akihisi kwamba kuna jambo kubwa linatendeka mahali fulani, asijue ni nini, kisha akirejea kwenye shughuli zake. Ni sawa na mtu aliyekuwa ukumbini ndoa ikifungwa, akapiga vigelegele na wenzake, halafu akachukuliwa na kupitishwa nyumba kwa nyumba mtaani ili aone kila jirani alivyosikia vigelegele hivyo akiwa anaosha vyombo. Rand, ambaye ndiye mhusika mkuu na ndiye aliyefanya usafishaji huo, anaonekana kwa muda mfupi tu katika juzuu yenye kurasa zaidi ya 600.

Jambo la kutambua ni kwamba hilo halikuwa uzembe. Lilikuwa chaguo la kiufundi lenye sababu. Kufikia hapo Jordan alikuwa na mikondo mikubwa isiyopungua mitano: Rand na vita vyake, Perrin akimtafuta mkewe aliyetekwa, Mat akitoroka na binti wa adui, Elayne akigombea kiti cha enzi, na Egwene akiuzingira mji pamoja na jeshi lake. Kila mkondo ulikuwa na kalenda yake, na mmoja ulipotangulia, mingine ilibidi isogezwe hadi siku ileile kabla ya hadithi kuendelea. Alichagua kuisogeza yote pamoja katika juzuu moja. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba muundo huo ulikuwa jaribio ambalo halikuleta matokeo aliyoyatarajia, na mimi namheshimu kwa kukiri huko kuliko ambavyo ningemheshimu kwa kujitetea.

Ukienda chini zaidi ya hapo, utakuta chanzo ambacho kinajirudia katika mifululizo mingi: hadithi ilikadiriwa kuwa fupi. Mkataba wa mwanzo wa Jordan na kampuni ya Tor ulikuwa wa vitabu 6. Martin alianza akidhani anaandika vitabu 3. Mwandishi anapopanga vitabu vichache kisha ulimwengu wake ukakua, hafuti alichokianzisha. Anakiongezea matawi, na kila tawi linadai sura zake. Hapo ndipo urefu unapogeuka kuwa uzito. Urefu peke yake hauna hatia: Steven Erikson alitoa juzuu 10 kuu za mfululizo wake kati ya 1999 na 2011 na kuufikisha mwisho alioupanga.

Kuna maelezo mawili yanayotolewa sana kuhusu dalili hii ambayo nayaona hayatoshi. La kwanza ni kwamba mchapishaji alirefusha hadithi kwa ajili ya fedha. Ni kweli kwamba mauzo hayakumwonya mtu yeyote: kuanzia juzuu ya 8, kila juzuu ya mfululizo ilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times, hata ile ya 10 iliyolalamikiwa kuliko zote. Lakini mauzo ya juzuu huonyesha jinsi wasomaji walivyoipenda iliyoitangulia, kwa maana mtu hununua kabla ya kusoma. La pili ni kwamba mhariri hakuthubutu kumkata mwandishi maarufu, tena mhariri mwenyewe, Harriet McDougal, alikuwa mke wa mwandishi. Wanaosema hivyo husahau kwamba ni mama huyohuyo aliyehariri juzuu za mwanzo zilizokwenda kwa kasi. Chanzo kilekile hakiwezi kueleza afya na maradhi kwa pamoja.

Hatua ninayoipendekeza kwa juzuu ya 10 ni hii. Soma kikamilifu sura zote za Mat, kwa kuwa uhusiano wake na Tuon, yule binti wa adui, unajengwa humo na juzuu ya 11 inaufanyia kazi. Soma sura za Egwene, hasa ya mwisho, ambayo inabadilisha kila kitu kwake. Sura za Perrin na za Elayne zinaweza kusomwa kwa muhtasari bila kupoteza jambo ambalo utalihitaji baadaye. Najua wapo wanaoamini kwamba kuruka sura ni kumdharau mwandishi. Ninaona kwamba msomaji anayeruka sura 8 akafika mwisho amemheshimu mwandishi zaidi ya yule aliyesoma kila neno hadi akachoka, akaacha juzuu 4 zilizobaki bila kufunguliwa.

Dalili: hadithi inakwenda, lakini aliyekuleta hayumo

Tofauti ya dalili hii na iliyotangulia ni kwamba ukijaza ile karatasi, siku zinapita na maamuzi yanafanyika, ila wewe hujali. Kila sura inapoanza unatafuta jina fulani, na usipoliona unavunjika moyo. Perrin hayumo katika juzuu ya 5 nzima. Mat, kama nilivyosema, hayumo katika ya 8.

Katika mfululizo wa Martin tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi, na chanzo chake kinajulikana. Baada ya juzuu ya 3 iliyotoka mwaka 2000, Martin alikusudia kuruka miaka 5 ndani ya hadithi ili watoto wakue na majoka wakomae. Alipoandika aligundua kwamba baadhi ya wahusika waliupokea mruko huo vizuri, lakini wengine wasingeweza kukaa miaka 5 bila kutenda lolote, na hivyo ikamlazimu kueleza yote yaliyopita kwa kumbukumbu. Akauacha mpango huo na kuandika kipindi alichotaka kukiruka. Kipindi hicho kikawa kirefu kupita juzuu moja, naye akakigawa kwa wahusika na mahali, si kwa wakati. Juzuu ya 4, iliyotoka mwaka 2005, ikawa haina sura za Jon, Daenerys wala Tyrion, ambao kwa wasomaji wengi ndio waliokuwa hadithi yenyewe. Sura zao zilikuja katika juzuu ya 5, Julai 2011.

Ukiwa na dalili hii, usiruke, kwa sababu sura unazoziruka zinaendelea mbele na zitakudai baadaye. Kwa Martin kuna njia nzuri ambayo wasomaji wenyewe waliibuni: kuzisoma juzuu ya 4 na ya 5 kwa pamoja, sura za hii zikipishana na za ile kufuata mpangilio wa matukio. Niliisoma mara ya pili kwa namna hiyo, na sura za Cersei, ambazo mara ya kwanza nilizivumilia tu, zikawa baadhi ya zile ninazozipenda zaidi, kwa kuwa sikuzisoma tena nikiwa na hamu ya kumwona mtu mwingine. Kwa Jordan njia hiyo haihitajiki. Inatosha kujua mapema kwamba Mat hayumo katika juzuu ya 8 ili usiifungue ukimtazamia.

Dalili: kisa kimoja hakimaliziki

Hapa mfululizo mzima unakwenda, isipokuwa mkondo mmoja unaojirudia bila kufika popote, na kuchoka kwako na mkondo huo kunaenea hadi sura zilizo nzima. Kwa Jordan mkondo huo ni kutekwa kwa Faile, mke wa Perrin. Katika juzuu ya 9 na ya 10 Perrin anamtafuta, anamfikiria, anawakemea wanaomtaka afikirie jambo jingine, na bado mke yuko mikononi mwa watekaji. Ukombozi unafika katika juzuu ya 11, Oktoba 2005.

Nadhani kinachoumiza hapa si urefu peke yake. Perrin alikuwa mtu mwenye utulivu, mfua chuma anayepima kila pigo kabla ya kulipiga, na utekaji ule unamfanya awe mtu wa wazo moja. Mwandishi alitaka tuone jinsi mapenzi yanavyoweza kumla mtu mwema hadi akatenda asiyoyataka, na katika sura moja ya kutisha, anapomtesa mateka ili apate habari, jambo hilo linaonekana wazi. Sura hiyo ni bora. Zilizoizunguka zinarudia somo ambalo sura hiyo imekwisha kulifundisha, na msomaji anapofundishwa mara ya 5 alichokielewa mara ya 1, huhisi kwamba hakuaminiwa.

Kipimo chake: je, ukilitoa jina la mhusika mmoja, bado umechoka? Ikiwa uchovu wote uko katika mkondo mmoja, soma muhtasari wa mkondo huo peke yake hadi unapomalizikia na usome mingine kwa ukamilifu. Juzuu ya 11, Knife of Dreams, ni malipo ya subira hiyo: Faile anaokolewa, Elayne anapata kiti chake, Mat na Tuon wanaoana, na Egwene anaanza upinzani wake akiwa kifungoni, yote ndani ya juzuu moja. Yeyote aliyeacha mwishoni mwa juzuu ya 10 alifunga kitabu usiku wa kuamkia mavuno.

Dalili: majina yamekuzidi

Hii ni ndogo na dawa yake ni ya haraka. Juzuu za Jordan zina faharasa ya majina mwishoni. Itumie bila aibu, na uwatenge wahusika katika makundi mawili, wanaoamua na wanaohudhuria. Katika mabaraza ya wanawake wachawi yenye watu 20, wanaoamua huwa 3 au 4. Wengine waache wapite.

Dalili: juzuu inayofuata haiji

Hakuna kipimo cha karatasi kwa dalili hii, kwa kuwa tatizo haliko ndani ya kitabu. Mwandishi hajamaliza. Hata hivyo ni muhimu kutofautisha kuchelewa na kukoma, kwa sababu wasomaji huvichanganya na kuvitendea kwa hasira moja.

Mwishoni mwa juzuu ya 4, mwaka 2005, Martin aliwaandikia wasomaji kwamba anatumaini kuwapa sehemu iliyobaki mwaka uliofuata. Ilichukua karibu miaka 6. Januari 2016 alieleza waziwazi kwamba ameshindwa kuimaliza juzuu ya 6 kabla tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu vyake haijavipita. Tamthilia hiyo ilifika mwisho mwaka 2019, na hadi ninapoandika juzuu ya 6 haijatoka. Sitaki kujifanya kwamba jambo hilo halikuniuma. Nilianza kuusoma mfululizo huo nikiwa kijana na nimeushika miaka yote hiyo kwa matumaini. Lakini ukichunguza chanzo utaona kinafanana na kilichomkwamisha Jordan katika juzuu ya 10: mikondo mingi yenye kalenda zisizolingana, ambayo lazima ikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja. Jordan aliitatua kwa kutoa juzuu iliyosimama. Martin ameitatua, kufikia sasa, kwa kutotoa. Msomaji anayemlaumu wa kwanza kwa kutoa na wa pili kwa kutotoa hana budi kujiuliza angependelea lipi.

Kwa upande wa Jordan, Machi 2006 aliwaeleza wasomaji wake kwamba ana ugonjwa wa amiloidosisi unaoshambulia moyo. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007, akiwa na umri wa miaka 58, juzuu moja tu ikiwa imebaki katika mpango wake. Katika miezi yake ya mwisho aliandika na kusimulia kwa sauti kadiri alivyoweza ili mwingine aweze kumalizia, na sehemu kubwa ya sura ya kufungia hadithi aliiandika yeye mwenyewe. Kila ninapokumbuka maneno makali yaliyosemwa juu ya mtu huyo mwaka 2003, kwamba anawazungusha wasomaji makusudi na hana nia ya kumaliza, nahuzunika. Kuilaumu juzuu ya 10 ni haki ya msomaji. Kudai kwamba unaijua nia ya mwandishi ni jambo jingine kabisa.

Hatua kwa anayesubiri: usiurudie mfululizo mzima kila mwaka ukijiandaa kwa juzuu isiyo na tarehe. Nilifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili nilianza kuzichukia hata sura nilizozipenda. Weka vitabu kabatini hadi tarehe ya kutoka itangazwe, ndipo uanze tena.

Dalili: mwendo umerudi, lakini sauti si ile

Desemba 2007 ilitangazwa kwamba Brandon Sanderson, aliyechaguliwa na Harriet McDougal, atamalizia kazi ya Jordan. Juzuu moja iliyobaki ikawa 3, zilizotoka Oktoba 2009, Novemba 2010 na Januari 2013. Anayezisoma mara tu baada ya juzuu ya 11 huhisi mara moja kwamba sura ni fupi zaidi, matukio yanafuatana kwa haraka, na Mat hasa anafanya mizaha ambayo si yake. Chanzo ni mabadiliko ya mkono, na hakuna namna ya kuyaficha.

Ushauri wangu ni kupumzika kati ya juzuu ya 11 na ya 12. Soma kitabu kingine cha mtu mwingine kabisa, hata cha kurasa 150, ili sikio lako lisiwe bado limejaa sentensi za Jordan. Ukirudi, fuatilia Rand na Egwene kwanza. Ndipo Sanderson aliposhika vizuri zaidi, na sura za Egwene katika juzuu ya 12 nazihesabu miongoni mwa zilizo bora katika mfululizo mzima. Mat wake anatulia kadiri juzuu zinavyoendelea.

Ikiwa umepima yote na bado hamu haijarudi

Inawezekana hakuna kilichoharibika na umebadilika wewe. Aliyeanza hadithi akiwa na miaka 16 na kufika juzuu ya 9 akiwa na 30 hasomi tena akitafuta kitu kilekile, na halazimiki kumaliza kwa sababu tu alianza. Lakini kama umeamua kuacha, acha mahali palipojengwa kwa ajili ya kusimama, usiache katikati ya sura iliyokuchosha, kwa maana hiyo ndiyo utakayoikumbuka. Kwa Martin mahali hapo ni mwisho wa juzuu ya 3, ambapo vita vilivyoanza katika ya 1 vimekwisha kwa namna fulani. Kwa Jordan pako mara mbili: mwisho wa juzuu ya 3, Rand anapotwaa upanga uliotabiriwa ndani ya ngome isiyowahi kuangushwa, au mwisho wa juzuu ya 9, baada ya usafishaji, wakati wale waliopigana kumlinda wanapomkuta amelala, akiwa hai.